Uchambuzi wa kisa: kitambaa cha kurkumini kilichoua bakteria mara ya kwanza na kushindwa mara ya pili

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini, kati ya chuo chenye maabara ndogo ya kemia na kituo cha afya kilicho jirani nacho. Majina ya taasisi, ya watu na tarehe nimeyaondoa, na baadhi ya mambo ya mgonjwa nimeyabadilisha ili asitambulike. Mimi sikuwa mmoja wa watafiti. Niliitwa kupitia madaftari yao ya maabara pale matokeo yalipoanza kupingana, na waliohusika wameridhia kisa kiandikwe kwa ajili ya kufundishia.

Wazo la kutengeneza kitambaa cha kufunikia vidonda chenye kurkumini, kiambata cha manjano, lilianzia kwenye chumba cha kufungia vidonda. Muuguzi kiongozi wa kituo, nitakayemwita Sista, alikuwa akipokea watu waliokwisha kujipaka unga wa manjano nyumbani: mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto, mwanamume aliyejikata panga, mzee wa kisukari ambaye kidonda cha mguu kimemkaa miezi. Unga wenyewe ni ule wa sokoni, unaouzwa kwa kijiko, uliosagwa kwenye mashine moja na viungo vingine. Sista aliuosha kwa maji ya chumvi, kidonda baada ya kidonda, na siku moja akalipeleka swali lake kwa mhadhiri wa kemia wanayesali naye kanisa moja: je, kuna ukweli wowote ndani ya manjano haya?

Ukweli upo, ila ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Katika unga wa manjano, kurkumini, kile kiambata cha njano chenye nguvu, ni kama asilimia 2 hadi 5 tu. Kinachobaki ni wanga, mafuta, makapi ya mmea na chochote kilichoingia shambani au mashineni, zikiwemo mbegu za bakteria wa udongo kama wa pepopunda. Huko Bangladesh watafiti waliwahi kukuta manjano yaliyochanganywa kromati ya risasi ili rangi ing'ae. Unga wa namna hiyo si wa kuweka kwenye nyama iliyo wazi, na hapo sina sababu ya kupunguza makali ya maneno.

Kurkumini iliyosafishwa ni habari nyingine. Hunyonya mwanga wa bluu, hasa kwenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 420 hadi 430, kisha huipa oksijeni iliyo karibu nguvu hiyo. Oksijeni iliyoamshwa hivyo ni kali mno: hutoboa utando wa bakteria na kuharibu protini zake, bila kujali kama bakteria huyo amekuwa sugu kwa antibiotiki. Lakini maisha yake ni mafupi kupita kiasi, na kabla haijazimika haisafiri hata mikromita moja. Jambo hilo litarudi mbele.

Elimu hii si mpya. Karibu na mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab, chini ya profesa wake Hermann von Tappeiner, alikuwa akiua vijidudu vya majini kwa rangi iitwayo akridini. Majibu yake yalikuwa yanatofautiana pasipo sababu, mpaka alipogundua kwamba kilichobadilika ni mwanga uliokuwa ukiingia maabarani. Bila mwanga, kiasi kilekile cha rangi hakikuua. Ninamtaja kwa sababu wanafunzi wa kisa chetu walipita karibu sana na alipopita yeye.

Kitambaa kilivyotengenezwa

Wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho walichukua swali la Sista likawa mradi wao. Walichagua njia ya kusokota nyuzi kwa umeme. Unayeyusha polima, yaani aina ya plastiki, pamoja na dawa ndani ya kiyeyushi, unaitia kwenye bomba la sindano, pampu inaisukuma polepole sana, kama mililita moja kwa saa, na kwenye ncha ya sindano unapitisha umeme wa kilovolti 15 hivi. Sentimita 15 mbele yake kuna bamba lililovikwa karatasi ya aluminiamu. Umeme unalivuta tone mpaka linachongoka, linachomoka uzi, uzi unajipinda na kujinyoosha hewani, kiyeyushi kinapaa, na kinachotua kwenye bamba ni nyuzi nyembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara. Baada ya saa kadhaa unabandua kitambaa chembamba chenye kulegea kama utandu wa maziwa yaliyochemshwa.

Kitambaa cha namna hii kina sifa anazozitafuta mtu wa vidonda. Kinapitisha hewa, kinakaa kwenye mabonde na vilima vya ngozi bila kukunjamana, na wavu wake unafanana na wavu wa asili ambao chembe za mwili hushikilia zinapojenga ngozi mpya. Polima waliyoitumia ni polikaprolaktoni. Huoza taratibu mwilini, na jamaa yake hutumika katika nyuzi za kushonea majeraha.

Maamuzi mawili ya hatua hii ndiyo yaliyozaa kila kilichofuata, na yote mawili yalikuwa na sababu nzuri.

La kwanza ni kiyeyushi. Maabara nyingi hutumia klorofomu, inayopaa upesi. Hapa chumba cha kuvutia hewa chafu kilikuwa dhaifu, na mhadhiri alikataa wanafunzi wavute klorofomu siku nzima. Wakatumia asidi asetiki, ile ya kwenye siki, ikiwa kali isiyochanganywa na maji. Kwa usalama wao ni uamuzi ambao na mimi ningeutetea. Tatizo ni kwamba klorofomu huchemka kwenye nyuzi joto 61, na asidi asetiki kwenye 118. Katika mji ulio juu sana, msimu wa mvua, ukungu ukiwa mlangoni mpaka saa nne asubuhi, asidi hiyo haina haraka ya kuondoka.

La pili ni ukaushaji. Polikaprolaktoni huyeyuka kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo oveni ya maabara waliiogopa, na pampu ya kukaushia kwa ombwe ilikuwa mbovu. Palikuwa na dirisha kubwa linalopokea jua. Kumbuka hilo dirisha.

Jaribio la kwanza

Kitambaa cha kwanza kilikatwa vipande vya duara jioni ileile kilipotengenezwa. Walivilaza juu ya sahani zilizopakwa bakteria wa Staphylococcus aureus, mkazi wa kawaida wa vidonda vya usaha, wakawasha taa ya LED ya bluu, kisha wakaziacha sahani kwenye kabati la joto usiku kucha. Asubuhi kila kipande kilikuwa kimezungukwa na duara safi lisilo na bakteria. Sahani ya kulinganishia isiyo na kitambaa, iliyokaa gizani, ilikuwa imejaa utando mweupe kote.

Walifurahi, na nani asingefurahi. Picha zikatumwa kwa simu, zikafika kituo cha afya, na kutoka kituoni zikafika mtaani.

Ombi la kijana

Siku chache baadaye kijana mmoja alimfuata mhadhiri ofisini. Mama yake, mkulima wa viazi, alikuwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu kilichokataa kupona.

"Shikamoo mwalimu. Nimesikia kitambaa chenu kinaua wadudu. Mguu wa mama unaoza. Niko tayari kusaini chochote mnachotaka."

"Marahaba, baba. Nimekusikia, na pole sana. Lakini mguu wa mama si sahani ya maabara. Kile kitambaa sijajua hata kimeua kwa sababu gani."

Wanafunzi walikuwepo, na mmoja aliandika katika daftari lake kwamba aliona jibu hilo ni la kikatili. Ninamwelewa. Mhadhiri alikuwa na hoja kadhaa. Kitambaa hakikuwa kimejaribiwa hata kwenye chembe hai za ngozi kuona kama hakiziui na zenyewe. Hakikuwa kimetakaswa, yaani kuuliwa vijidudu vyote vilivyomo. Utafiti wa dawa au kifaa tiba kwa binadamu hapa nchini unahitaji kibali cha maadili kinachosimamiwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na saini ya mtoto si ridhaa ya mama.

Hakumwacha aondoke mikono mitupu, hata hivyo. Alimpigia Sista simu hapohapo, na swali la kwanza la Sista lilikuwa, "Sukari ya mama ilipimwa lini?"

Haikuwa imepimwa kwa muda mrefu. Mama aliletwa kesho yake. Sista alipima sukari, ikawa juu mno. Alipapasa mapigo ya juu ya unyayo, yalikuwepo. Alimfumbisha macho, akamgusa vidole kwa uzi wa nailoni, na mama hakujua anaguswa. Kumbe alikuwa akishinda shambani ndani ya mabuti ya mpira yanayombana, akikanyagia kidonda chake kila hatua bila kuhisi. Kidonda kilioshwa kwa maji ya chumvi, nyama iliyokufa ikaondolewa, kikafunikwa kwa shashi isiyoganda, na mama akapewa rufaa ya kumwona daktari kwa ajili ya sukari na antibiotiki. Mabuti yakapigwa marufuku.

Jaribio la pili na sahani sita

Maabarani, wakati huo, walitengeneza kitambaa kingine kwa mchanganyiko uleule. Safari hii, ili mambo yaonekane ya kitaalamu zaidi, walikikausha siku mbili dirishani kabla ya kukipima. Hakikuua chochote. Vipande vilikaa juu ya sahani na bakteria wakaota mpaka chini yake.

Maelezo yao ya kwanza yalikuwa kwamba mwanga wa dirishani ulikuwa umeunguza kurkumini. Ni kweli ulikuwa umeunguza. Walipogeuza kitambaa, upande wa chini ulikuwa bado njano iliyokolea na wa juu umepauka. Kurkumini inayoua kwa mwanga huliwa na mwanga huohuo, ikivunjika kuwa vitu vidogo kama vanilini na asidi feruliki. Dawa nyingi za mwanga huchoka kwa mwanga.

Maelezo hayo yangetosha kuandika ripoti, na hapo ndipo nilipoitwa. Niliposoma daftari nilisumbuliwa na mstari mmoja wa siku ya kwanza, ulioandikwa pembeni kwa penseli: "kitambaa kinanuka siki kidogo". Niliwaomba warudie jaribio kwa sahani sita. Tatu za gizani: moja bila kitambaa, moja yenye kitambaa cheupe kisicho na kurkumini, moja yenye kitambaa cha njano. Tatu kama hizo chini ya taa. Kila kitambaa kiwe kibichi, cha siku hiyohiyo, kama mara ya kwanza.

Kitambaa cheupe kiliua gizani. Kilizungukwa na duara safi, kubwa karibu sawa na la kitambaa cha njano. Hapakuwa na kurkumini wala mwanga, na bakteria wamekufa. Aliyeua alikuwa asidi iliyobaki ndani ya nyuzi. Jambo hilo halina ajabu ukilifikiria, kwani asidi asetiki iliyozimuliwa ni dawa ya zamani ya vidonda, hasa vyenye bakteria wa Pseudomonas. Walipoweka karatasi ya kupimia pH, kipimo cha ukali wa asidi, juu ya kitambaa kibichi kilicholowanishwa, iligeuka nyekundu papo hapo. Dirisha, kwa hiyo, lilikuwa limefanya mambo mawili kwa pamoja: limefukuza asidi iliyokuwa ikiua, na limeunguza kurkumini ambayo ingepaswa kuua.

Sahani ya chini ya taa isiyo na kitambaa nayo ilikuwa na neno lake. Bakteria walipungua kidogo. Mwanga wa bluu wenyewe huua baadhi ya bakteria, kwa kuwa wana rangi za asili ndani yao zinazouitikia. Tena taa ile ilikuwa imekaa karibu sana bila feni, sahani ikawa ya uvuguvugu mkononi.

Marekebisho

Asidi waliiendea kwa sanduku la katoni lililopakwa rangi nyeusi ndani, lenye feni ndogo ya kompyuta. Kitambaa kinakaa humo gizani mpaka karatasi ya pH isionyeshe asidi tena. Ni kifaa cha bei ya chai na maandazi ya wiki, na kimefanya kazi kuliko dirisha. Kikitoka humo, kitambaa kinavikwa karatasi ya aluminiamu na kuwekwa kwenye friji.

Taa ikainuliwa, ikawekewa feni, na kwa mara ya kwanza ikapimwa. Kipimo ni rahisi: nguvu ya taa kwa kila sentimita mraba, zidisha kwa sekunde. Taa inayotoa miliwati 20 kwa sentimita mraba, ikiwaka dakika 10, imetoa jouli 12 kwa kila sentimita mraba. Hiyo ndiyo dozi. Kabla ya hapo daftari lilikuwa linasema "taa iliwashwa", na kusema hivyo ni sawasawa na kuandika kwamba mgonjwa alipewa vidonge bila kutaja vingapi.

Kazi ngumu ilikuwa kitambaa chenyewe. Kilipokauka kweli na kulindwa na mwanga, bado kiliua kidogo sana. Hapa linarudi lile jambo la oksijeni isiyosafiri mikromita moja. Polikaprolaktoni huyachukia maji, na kurkumini huyachukia pia, kwa hiyo dawa ilikuwa imejificha ndani ya nyuzi na haikuwa na haja ya kutoka. Mwanga ukaiamsha, oksijeni kali ikazaliwa na kufa ndani ya plastiki bila kumfikia bakteria. Walichanganya jelatini, inayopenda maji. Tone la maji lililokuwa likisimama juu ya kitambaa kama shanga sasa likazama.

Matokeo

Kitambaa chenye jelatini, kikavu, kilichofichwa mwanga, kiliua Staphylococcus aureus chini ya taa kwa wazi kuliko gizani, na kuliko kitambaa cheupe chini ya taa ileile. Kwa Pseudomonas kilifanya kidogo mno. Bakteria wa kundi hilo wana utando wa pili wa nje unaozuia vitu kama kurkumini kuingia, na udhaifu huu unajulikana kwa dawa nyingi za mwanga.

Kidonda cha mama kilifunga taratibu baada ya sukari kushuka na mguu kupumzishwa. Hakupoteza kidole. Kitambaa cha manjano hakikumgusa hata mara moja.

Uchambuzi

Ninaanza na ombi la kijana kwa sababu ndipo madhara yangeweza kutokea. Tufikiri kitambaa kingetolewa siku ile. Mama angewekewa nyuzi zenye asidi kwenye mguu usiohisi maumivu, hivyo hata kama ingemuunguza asingelalamika. Bakteria wa juu wangeweza kupungua, kidonda kikaonekana kisafi kwa siku kadhaa, na watu wote wakaamini manjano yamefanya kazi. Wakati huo sukari ingeendelea kupanda na buti lingeendelea kusaga. Kukataa kulimwokoa, lakini kilichomtibu ni swali la Sista.

Kuhusu maabara, watu wengi walionisikia nikisimulia kisa hiki husema kosa lilikuwa dirisha. Sikubaliani nao. Kama dirisha lisingekuwepo, kitambaa cha siki kingeendelea kufaulu kila kikiwa kibichi, na mradi ungemalizika kwa ripoti nzuri yenye maelezo ya uongo ambayo hakuna aliyekusudia kuyadanganya. Pengo lilikuwa sahani iliyokosekana: kitambaa cheupe. Mara ya kwanza walilinganisha kitambaa chenye dawa na mwanga dhidi ya sahani tupu gizani, yaani mambo manne yamebadilika kwa pamoja, polima, kiyeyushi, kurkumini na taa, kisha sifa zote akapewa kurkumini kwa kuwa ndiye mwenye rangi. Rangi inavuta jicho. Ukifanya kazi na kiambata chochote kinachoitikia mwanga, idadi ndogo kabisa ya sahani ni sita, na hata mwanafunzi mwenye haraka ya kuhitimu asikubaliwe zilizo pungufu.

Kilichowaokoa ni nidhamu ya daftari. Mwanafunzi aliyeandika neno "siki" kwa penseli hakujua umuhimu wake, ila aliandika alichonusa. Nimeona maabara zenye vifaa vya mamilioni zisizo na mstari kama huo.

Uchaguzi wa kiyeyushi siuhesabu kama kosa. Afya ya wanafunzi ilitangulia, na ikibidi kuchagua tena ningesema watumie asidi ileile. Kilichopungua ni kuuliza: kitu hiki kikibaki ndani ya nyuzi, kitafanya nini kwa bakteria, na kitafanya nini kwa ngozi?

Kuna jambo ambalo hata kitambaa kilichorekebishwa hakijalijibu, nalo linanisumbua zaidi ya Pseudomonas. Mwanafunzi mmoja alidondosha maji ya magadi kwenye kona ya kitambaa, na kona ikageuka kahawia yenye wekundu. Ni tabia ya manjano kukutana na magadi. Lakini vidonda sugu navyo huelekea kwenye pH ya juu, na kwenye pH hiyo kurkumini iliyotoka kwenye nyuzi haidumu. Kwenye maji ya joto la mwili yenye pH ya 7.2 tu, sehemu kubwa yake huvunjika ndani ya nusu saa. Juu ya hayo, damu na usaha hunyonya mwanga wa bluu, na mwanga wa bluu wenyewe haupenyi ngozi zaidi ya milimita moja hivi. Kitambaa hiki kikifaulu, kitakuwa cha bakteria wa juu juu, kwenye kidonda kilichokwisha kusafishwa, taa ikiwashwa mapema baada ya kukiweka. Kidonda kilichochimba mpaka mfupani si chake.

Umeme nao uhesabiwe tangu mwanzo. Ulipokatika katikati ya usokotaji, kitambaa kilitoka na tabaka zisizo sawa na ikabidi kutupwa. Kwenye zahanati ya kijijini taa ya tiba itabidi iwe ya betri, na betri ikiisha nguvu dozi inashuka bila mtu kuona, kwa hiyo taa yenyewe lazima iwe na kipimo.

Mradi sasa umekwama kwenye utakasaji. Mvuke wa nyuzi joto 121 unayeyusha polima. Mwanga wa urujuanimno unaunguza kurkumini. Miongoni mwa njia zilizobaki kuna mionzi ya gama na gesi ya ethilini oksaidi, na zote mbili hazipo chuoni hapo. Mhadhiri ameanza kutafuta pa kupeleka sampuli, wanafunzi wa mwaka unaofuata wamekabidhiwa sanduku jeusi na daftari lenye mstari wa penseli, na majaribio ya chembe za ngozi yamepangwa kutangulia maombi yoyote ya kibali cha kugusa mgonjwa.